Chungu Kwenye Tanuri la Kupozea

Orsola alikuwa katikati ya ua aliponusa majani ya lauri, akasimama ghafla kama aliyekanyaga mwiba.

Harufu hiyo haina ubaya wowote Murano, kisiwa cha wapuliza vioo. Ni harufu ya karamu: mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, hukatwa vipande, akatandikiwa majani ya lauri chunguni, akaachwa aive kwa joto la tanuri la kupozea, bega kwa bega na vioo. Mafundi wamekula hivyo tangu enzi za babu wa babu zao. Lakini leo ndani ya tanuri la nyumba hii mlikuwa na bilauri moja tu, na bilauri hiyo haikuwa ya kuuzwa.

Ilikuwa ya mtihani. Mwanawe, Menego, aliipuliza jana mbele ya wazee wa chama cha mafundi: kikombe chembamba kama ganda la kitunguu, shina lake joka lililojikunja, na mabawa mawili yaliyoshikizwa ubavuni kwa matone ya kioo cha moto. Wazee waliikagua, wakaiona nzima, wakaiingiza kwa mikono yao ipoe taratibu, maana kioo kikipoa kwa pupa hupasuka. Leo adhuhuri wangekuja kuitoa. Ikitoka salama, Menego angekuwa fundi mkuu na tanuri lingebaki kwao. Ikitoka na ufa, basi. Mumewe Orsola alikuwa chini ya ardhi, na chama hakiruhusu moto uwake katika nyumba isiyo na fundi mkuu wake. Tanuri lingekwenda kwa Zorzi, binamu ya marehemu, ambaye tangu siku ya matanga hakuacha kupita akizipima kuta kwa macho.

Orsola aliingia kiwandani. Bortolo, mlinzi aliyewekwa na chama, alikuwa amekaa kigodani mbele ya tanuri. Kando yake alisimama Betta, mama mkwe wa Orsola, akifuta kisu kwenye aproni.

"Mama, mkunga yuko wapi?"

"Yuko anakostahili kuwa."

"Niambie hayumo humo."

"Kwa nini asiwemo?" Betta alikunja kisu chake. "Marehemu mwanangu alipofanya mtihani nilimpikia humu humu. Baba yake naye alipikiwa humu humu. Fundi asiyekula mkunga aliyeiva pamoja na kioo chake ni fundi nusu. Lakini wewe utajuaje? Kwenu mlilima kabichi."

"Zamani walipuliza mabakuli mazito kama vigae vya paa, mama. Hii ukiikoholea inatikisika." Orsola alimgeukia mlinzi. "Na wewe, Bwana Bortolo, umewekwa hapo ulinde nini? Sheria si inasema mkono wa mtu wa nyumba hii usiingie humo mpaka wazee waje?"

Bortolo alitazama viatu vyake. "Ni mkunga, mama. Nani Murano humkataa mkunga?" Kisha kwa sauti ya chini: "Ameniahidi kipande cha katikati."

Orsola alisogea kwenye mlango mdogo wa nyuma ya tanuri, akatega sikio. Chungu kilikuwa kikitokota.

"Mama, mkunga huiva kwa mafuta yake. Mbona kinachemka? Umetia nini?"

"Mvinyo."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo kiburi kilimtoka Betta usoni kama maji kwenye kitambaa kinachokamuliwa. Alikuwa mke wa fundi na mama wa fundi. Hakuhitaji kuambiwa tone la mvinyo hufanya nini likirukia kioo chenye moto.

Hapo ndipo Orsola alipouona mtego mzima. Akikiacha chungu, kitafurika, na tone moja tu litatosha. Akifungua akitoe, baridi ya Februari itaingia kama kisu, na mkono wa nyumba utakuwa umeingia mara ya pili. Huku moto, huku maji.

"Mama?"

Menego alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Mtahiniwa haruhusiwi kukivuka mpaka aitwe na wazee. Alikuwa amevaa koti la marehemu baba yake, na pua yake ilikwisha kumpa habari zote.

"Nifungue au niache?" Orsola alimuuliza.

Macho ya kijana yalikwenda kwenye tanuri, yakaenda kwa Bortolo, yakarudi kwa mama yake.

"Menego, nakuuliza wewe. Kioo ni chako."

"Nikikuambia, nimeingiza mkono wangu," alisema. Akaugeuzia mgongo mlango, akakazia macho ukuta wa ua.

Orsola alishusha pumzi. Basi uamuzi ulikuwa wake peke yake.

"Bortolo, inuka. Funga madirisha yote. Mama, lete makarai ya makaa, yote, na mablanketi ya kitandani kwangu."

"Mimi ni mlinzi wa chama," Bortolo alianza.

"Ulikuwa mlinzi kabla ya kuahidiwa samaki. Inuka."

Waliyapanga makarai yenye makaa mekundu kuuzunguka mlango wa nyuma, wakayatundika mablanketi juu yake kama hema. Orsola aliingia ndani ya hema hilo na kulabu ndefu ya chuma. Alingoja. Jasho lilimtiririka mpaka kiunoni, nywele zikamganda shingoni, na bado alingoja, mpaka hewa aliyokuwa akiivuta ikamuunguza puani. Hewa ikifanana ndani na nje, mlango utafunguka bila kioo kushtuka. Ndivyo alivyojipa moyo. Ndani, chungu kilikuwa kimeanza kutema.

Alifungua upenyo. Aliiona bilauri imesimama peke yake gizani, mabawa yamenyanyuka, na hatua moja kutoka kwake chungu kikirusharusha kifuniko kama mlevi anayecheza ngoma. Aliingiza kulabu, akakamata sikio la chungu, akavuta. Taratibu. Kikakwaruza tofali. Akavuta tena. Kilipofika mlangoni, ndani ya tanuri kulitoka sauti ndogo.

*Ti.*

Ilikuwa sauti ya ukucha ukigusa kijiko. Alikitoa chungu, akaufunga mlango, akabaki amepiga magoti bila kuthubutu kuwatazama wenzake.

"Ni tofali," alisema Bortolo. "Tofali hulia hivyo likipata joto."

"Nyamaza," alisema Betta.

Kengele ya adhuhuri ilipopigwa kanisani San Donato, mablanketi yalikuwa yamerudi kitandani na chungu kiko chini ya benchi. Bortolo alimsogelea Orsola. "Sikuona kitu, wewe hukufanya kitu. Kioo kikitoka kizima, tutakula. Kikiwa na ufa, ni ufa kama nyufa nyingine."

Wazee waliingia wawili: Anzolo, mkuu wa chama, mkongwe ambaye vidole vyake vilikuwa na makovu mengi kuliko kucha, na Zorzi, naye mzee wa chama. Menego aliitwa, akavuka kizingiti. Zorzi alivuta hewa, akatabasamu.

"Pananukia vizuri hapa. Shemeji, mmeanza kusherehekea kabla ya harusi?"

Kila mtu alikuwa akimtazama Orsola. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwake, mtamu na mwepesi. Lakini aliifikiria sauti ile. Kama ni kioo, akinyamaza, ufa utakuwa wa Menego. Watasema alichanganya vibaya mchanga na majivu, au mabawa aliyashikiza kioo kikiwa kimepoa. Fundi asiyejua kushikiza bawa.

"Mkono wangu umeingia," alisema. "Chungu kiliwekwa humo bila mimi kujua. Kilikuwa na mvinyo, kikaanza kufurika. Nimefungua nikakitoa. Mwanangu alikuwa nje, hakusema neno. Bortolo aliona chungu kikiingia na kikitoka."

Bortolo alikodoa macho, kisha akainamisha kichwa.

"Na aliyekiweka ni mimi," alisema Betta. "Msimsumbue huyo."

"Basi mtihani umeharibika," alisema Zorzi. "Sheria ni sheria."

"Fungua," alisema Anzolo.

Bilauri ilitoka ikiwa na bawa moja. La pili lilikuwa limelala kwenye vumbi la tofali. Menego alitoa sauti ya mtu aliyepigwa tumboni. Zorzi aliliokota bawa, akaligeuza kwenye mwanga.

"Hakulishikiza sawasawa. Linaonekana."

"Lete." Anzolo alilipokea. Hakulitazama. Alilifumba mkononi, akapitisha kidole gumba polepole kwenye mahali palipovunjika, kama mtu anayepapasa makali ya wembe. Kisha akakiinua kidole hicho mbele ya uso wa Zorzi. Damu ilikuwa ikishuka mpaka kwenye kiganja.

"Kioo kikivunjika kikiwa laini, moto huyalamba makali yakawa butu. Hili limekata. Limevunjika leo, kioo kimeshakuwa kigumu. Mikono ya huyu kijana ilikwisha kumaliza kazi yake jana, nasi tuliiona nzima."

"Fundi Anzolo, sheria inasema mkono wa nyumba—"

"Sheria iliwekwa ili nyumba isimsaidie mtahiniwa. Wewe unaona hapa amesaidiwa?" Anzolo alifuta kidole kwenye suruali. "Tukiandika kwamba nyumba imekosa, tutaandika pia kwamba mlinzi wetu aliuza zamu yake kwa kipande cha samaki. Utasimama wewe mbele ya chama uyasome yote mawili?"

Zorzi alimtazama Bortolo. Bortolo alikuwa mume wa dada yake Zorzi, na aibu hiyo ingemwangukia naye.

"Sitasoma," alisema hatimaye, akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga.

Anzolo alimrudishia Menego bawa. "Fundi," alimwita, na neno hilo akalitamka bila mbwembwe, kama anavyowaita mafundi wakuu wote, "kesho utashikiza jingine. Na nyumba yako ikae mbali na mlango ule."

Menego aliitikia kwa kichwa. Orsola alikaa palepale chini, kwenye joto la matofali, mikono yake ikitetemeka mapajani. Betta alikuja akakaa karibu naye. Hakuomba radhi. Aliichukua mikono ile, akaifunika kwa aproni yake, akaishika hivyo mpaka ikatulia.