Samaki Wasionuka

Umeme ulipokatwa katika kampuni ya samaki pale Masese, Jinja, sisi walinzi tulijifunga vitambaa puani. Wakubwa walipokopa waliiambia benki kwamba chumba cha baridi kina tani mia nne za sangara. Samaki wengi hivyo wakioza, hata watu wa Mpumudde, upande wa pili wa mji, hawalali.

Tulingoja. Maji yalitiririka chini ya mlango mpaka yakakauka. Harufu haikuja. Nzi hawakuja. Makorongo, wanaopigania hata kichwa kimoja cha samaki, walisimama juu ya paa la jirani wakitutazama. Nikaelewa. Mle ndani mlikuwa na barafu tu.

Meneja wetu, Conrad, hakuwa mtu wa ziwani; hakuifikiria harufu. Akatangaza kwamba samaki wote wameoza, bima italipa. Alichohitaji ni mtunza stoo, Jude, asaini kuthibitisha hivyo. Jude akakataa, akakimbilia kwao Wanale, kule Mbale. Basi Conrad akageuza maneno: samaki wameibwa, na mwizi ni Jude. Polisi wakaanza kumtafuta.

"Otim, wewe anakusikia," Conrad aliniambia. "Mwambie asaini, kesi ife."

Nikaenda Mbale. Nilimkuta Jude shambani na mkewe, Nangila, wakipalilia migomba.

"Afande, umekuja kunifunga?"

"Kazi ya jela niliacha zamani. Nimetumwa. Ukisaini, kesi inakufa. Ukikataa, wewe ndiye mwizi wa tani mia nne."

Nangila akaguna. "Alizibeba kwa bodaboda?"

Jude hakucheka. "Na nikisema ukweli?"

"Kampuni inakufa. Mimi sina kazi. Kina mama wanaokata minofu, wote, hawana kazi."

"Sasa wewe unasemaje?"

Nilitaka kusema saini. Nina watoto shuleni. Lakini nilikuwa askari jela miaka mingi, niliwachunga watu waliosaini karatasi za wakubwa wao. Wakubwa hao sikuwaona hata siku moja wakija kuwatembelea.

Nikamwambia hivyo.

Jude akamtazama mkewe. Nangila akampokonya jembe. "Nenda ukaseme. Migomba nitapalilia mwenyewe."

Tulirudi Jinja, tukapita polisi, tukaenda stoo pamoja na mpelelezi. Jude akafungua mlango. Mpelelezi alikuwa ameziba pua kwa leso.

"Toa leso, afande," Jude akasema.

Akaitoa. Akavuta pumzi.

"Unasikia harufu gani?"

"Ya maboksi."

Maboksi matupu yalikuwa yamelowa na kubonyeana mpaka ukutani. Jude akaeleza kwamba mkaguzi wa benki alipokuja, Conrad aliagiza samaki kidogo wawekwe karibu na mlango. Mkaguzi alichungulia, akatetemeka kwa baridi, akarudi ofisini kunywa chai na kusaini hesabu. Alipoondoka, samaki wale waliuzwa.

Conrad alikamatwa. Benki ikafunga kiwanda. Jude aliachiwa awe shahidi.

Siku ya kufungwa kiwanda, tulimkuta Twaibah getini, mkuu wa kina mama wa minofu, kisu chake kimeviringishwa kwenye kitambaa. Nyuma yake wenzake walikuwa wamekaa chini.

"Jude, mwanangu," akasema, "huo ukweli wako una minofu?"

Twaibah hakungoja jibu. Aliwageukia wenzake akawaambia kesho wasije.