Humu Anayekujua Ni Nani?

Kina mama wenye watoto katika chekechea ile walikuwa na kundi lao la simu. Kundi lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na macho makali, aliyeshonea sebuleni kwake ili asiwe mbali na wanawe. Kazi ya kupokea wageni kundini aliachiwa yeye kwa sababu wenzake walimwona haoni haya kumkatalia mtu. Wakambandika jina la Bawabu, nalo likamganda.

Msidhani kundi lile lilikuwa la kutumiana maua na salamu za asubuhi. Wale ni wanawake wa kuhangaika. Huyu yuko sokoni, huyu yuko wodini, huyu ana nguo za watu. Saa ya chekechea kufungwa ikifika na mama amebanwa, anaandika kundini: jamani, nani yuko karibu na shule anichukulie mwanangu? Anayewahi kujibu ndiye anayekwenda. Mwalimu wa getini naye alikuwa humo humo kundini. Akishaona jibu kwenye simu yake, anamwita mtoto, anamkabidhi, basi. Haulizi zaidi. Aliye humu ni wetu.

Kwa hiyo kuingizwa kundini ilikuwa sawasawa na kupewa mkono wa mtoto, ingawa hakuna aliyewahi kulisema hivyo.

Bawabu alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa mgumu. Mtu akiomba kuingia, anamuuliza yeye ni mama wa nani, mtoto yuko au ataanza darasa gani, na humu anayekujua ni nani. Kisha anamtaka arekodi sauti yake, maana aliamini mwanamume anaweza kujificha nyuma ya picha ya mwanamke lakini hawezi kujificha kooni. Akishamaliza, anamuuliza yule aliyetajwa: unamjua huyu? Akijibiwa ndiyo, anafungua.

Kuna wakati aliharibu. Bibi mmoja anayelea mjukuu wake aliomba kuingia, akaulizwa yeye ni mama wa nani, akajibu mimi si mama. Bawabu akamfungia. Bibi akaomba tena, akajibu vilevile, akafungiwa tena. Mwishowe akaja mwenyewe na bakora yake mpaka mbele ya cherehani, akamuuliza kama anataka azae upya uzeeni ndipo akubaliwe. Kundi zima lilicheka wiki nzima. Wakasema hata malaika akishuka, Bawabu atamuuliza humu anajulikana na nani. Muuguzi, rafiki yake wa siku nyingi, hakucheka sana. Alimwambia, "Shoga, punguza. Watu wanatuona tunajidai."

Maneno hayo yalimwingia. Tangu siku hiyo Bawabu akawa anaogopa kuonekana mkali kuliko alivyoogopa kukosea.

Ndipo akaja yule mwanamke.

Ombi lake liliingia asubuhi, Bawabu akiwa anakata sare. Picha yake ilikuwa ya kiatu kidogo cha mtoto, kizuri kweli. Alijibu maswali bila kusitasita. Alisema ana binti wa kuanza darasa la watoto wadogo muhula ujao, wamehamia mtaani karibuni, bado hawajazoea. Humu anamjua Mama Pacha. Walikaa benchi moja kliniki siku pacha walipochanjwa, tena Mama Pacha alimpakata binti yake wakati yeye anatafuta kadi. Alirekodi na sauti, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri, na nyuma yake mtoto anakohoa. Akajikatiza katikati kumwambia mtoto pole mama, pole. Bawabu akalainika.

Mama Pacha alikuwa muuza mboga. Bawabu alimpigia, akamkuta anapima nyanya, akamweleza: kuna mgeni anasema mlikutana kliniki siku ya chanjo ya pacha, ukampakatia mtoto, unamjua? Aliuliza na kujibu palepale, yote akamwekea mdomoni. Kule zilisikika kelele za soko na mizani ikiwekwa chini. Kisha Mama Pacha akasema ndiyo, namjua, mwingize tu huyo, hana neno.

Bawabu akafungua mlango.

Mgeni hakuwa msumbufu. Mtoto wa mtu akiugua, wa kwanza kusema pole ni yeye. Bawabu akiweka picha ya kitinda mimba wake, mwenye kidoti shavuni na wote wakimwita Kidoti, mgeni anatuma mioyo. Wala hakuulizia mambo ya watu. Alikuwa anasoma tu, kama wengi wanavyosoma.

Siku ya tukio Bawabu alikuwa amesimamiwa kichwani na mteja, msimamizi wa bibi harusi, gauni limembana kifuani na harusi iko mlangoni. Mteja yule hakukaa wala hakunyamaza. Saa ya chekechea ikafika. Bawabu akaandika kwa kidole kimoja: jamani nimebanwa, nani anichukulie Kidoti? Kabla hajaiweka simu chini, jibu likaingia. Ni yule mgeni. "Niko jirani hapa mpenzi, namchukua mimi. Shona kwa raha."

Bawabu aliandika asante, dada, Mungu akuzidishie. Akaendelea kushona. Tena alishona akiwa na furaha, akijisifu moyoni kwamba safari hii alichagua mtu wa maana.

Mteja akaondoka na gauni lake. Alipotoka yeye, Mama Pacha akaingia kufuata kaptula za wanawe, akavuta kigoda, akaanza kupepea uso kwa kanga. Bawabu, akiwa bado na ile furaha yake, akamwambia rafiki yako yule ni mtu na nusu, amekwenda kunichukulia Kidoti bila hata kubembelezwa.

"Rafiki yangu yupi?" Mama Pacha aliuliza.

"Yule wa kliniki. Uliyempakatia mtoto."

Kanga ikaacha kupepea. Mama Pacha akamtazama, akatazama kaptula zilizo mapajani kwake, akaanza kuzikunja upya.

"Mwenzangu," alisema taratibu, "mimi yule simjui."

"Ulisema unamjua."

"Niliona haya. Sokoni kila siku mtu ananiambia umenisahau, na kweli nimemsahau. Nikajua na huyu ni hivyo hivyo. Nikasema nikikataa ataona najidai. Nikajua wewe utamchunguza, si ndiyo kazi yako?"

Mguu wa Bawabu ulikuwa juu ya pedeli ya cherehani, na ulibaki pale pale kama wa mtu mwingine. Akachukua simu akampigia mgeni. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Safari hii haikuita kabisa.

Akampigia mwalimu wa getini. Mwalimu alikuwa anafagia darasa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto ameshaondoka kitambo, si wewe ndiye uliyemtuma yule dada? Tena Kidoti hakulia hata. Dada alimwita kwa jina lake la nyumbani, akamsifia viatu vyake vipya, mtoto akampa mkono mwenyewe.

Jina la nyumbani Bawabu alikuwa akiliandika kundini kila siku. Viatu vipya alikuwa amevipiga picha Jumapili.

Alitoka mbio na futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu. Mama Pacha alikuwa nyuma yake, analia huku anarekodi sauti kwenye simu, akiwaambia kina mama wote aliyemwona Kidoti aseme, aliyemwona Kidoti aseme. Barabara ile Bawabu aliipita kila siku, lakini leo kila mwanamke aliyeshika mtoto mkono, machoni pake alikuwa yule mgeni. Alimgeuza mmoja bega kwa nguvu, akakuta ni mtu na mwanawe, wote wawili wakamwogopa. Kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi aliita jina la mtoto. Sauti ikatoka kama ya mbuzi.

Simu ikaita mkononi. Alikuwa Muuguzi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatoka zamu na ameisikia kundini ile sauti ya Mama Pacha.

"Niko kituo cha mabasi," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemshika. Njoo haraka, huyu mgeni wenu naye amemshika."

Bawabu alipofika aliwaona. Kidoti alikuwa katikati, mkono mmoja kwa Muuguzi, mkono mwingine kwa mwanamke aliyevaa vizuri, mkoba begani, uso wa upole. Mlango wa basi ulikuwa wazi mbele yao. Hawakuwa wakivutana. Walikuwa wamesimama tu, kila mmoja akimtabasamia mwenzake, na vidole vya mtoto vimeiva kwa kubanwa.

Mwanamke yule alipomwona Bawabu hakushtuka. Alisema afadhali umefika, mtoto alitaka kuona magari, nikasema nimwonyeshe kidogo ndipo nimlete. Sauti ni ile ile, laini. Kituo kile hakiko njia ya nyumbani. Kiko upande wa pili kabisa wa mtaa.

Bawabu akamnyakua mwanawe, akamkumbatia, akabaki anahema. Kisha akamuuliza yule mwanamke maswali ambayo hakuwahi kumuuliza.

"Binti yako yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na bibi yake."

"Nyumbani wapi? Nyumba ya nani? Jirani yako nani?"

Mwanamke akamtazama kama anamwonea huruma. "Dada, wewe mwenyewe uliniomba nikuchukulie mtoto. Sasa unanigeuzia kibao mbele za watu?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na Bawabu aliona wazi wapo walioona yule mwanamke ana haki, mama wa watu kasaidia anatukanwa. Kondakta akauliza anayepanda apande. Mwanamke akapanda, akakaa dirishani, akarekebisha mkoba wake. Basi likaondoka. Hakuna aliyemshika. Mpaka leo wanaulizana kwa nini hakuna aliyemshika, na jibu ni moja tu, kwamba alikuwa na adabu.

Kwenye kituo cha polisi afisa aliwasikiliza vizuri, akaomba aone ujumbe. Akasoma. Akauliza: mlimwita wenyewe? Ndiyo. Mkamshukuru? Ndiyo. Aliandika namba ya simu ambayo ilikuwa imeshazimwa, akasema watamtafuta.

Jioni ile kina mama walijazana sebuleni kwa Bawabu, wengine wamekaa juu ya vitambaa vya watu. Hakuna aliyemkaripia mwenzake, na hiyo ndiyo iliyotisha zaidi. Mwalimu alisema yeye aliliamini kundi. Kundi lilimwamini Bawabu. Bawabu alimwamini Mama Pacha, naye Mama Pacha alimwamini Bawabu. Walizunguka hivyo mpaka wakarudi walipoanzia. Hakuna hata mmoja aliyesema alimwona yule mtu kwa macho kabla ya siku ile.

Msusi, mmoja wa kina mama wale, mwenye saluni hapo mtaani, ndiye aliyezungumza mwisho, akiwa ameinamia vidole vyake. Alisema kuna mwanamke alikuja kusukwa, mtu wa watu, akamsimulia habari nyingi. Ukutani saluni pale kuna linki ya kundi, aliibandika mwenyewe ili kina mama wasihangaike. Siku hiyo Mama Pacha alipita na wanawe, akasimama mlangoni akieleza jinsi pacha walivyomtoa jasho kliniki, walivyolia kwa sindano. Mteja akauliza tu, wale watoto wazuri ni wa nani? Naye Msusi akamwambia. Kwani kuna ubaya gani kumwambia mtu watoto ni wa nani?

Walikubaliana linki ibanduliwe. Walikubaliana mgeni asiingie kundini mpaka aje kwa miguu yake na mtoto wake, aonekane, na anayesema namjua awe amewahi kuingia nyumbani kwake. Na asiyemkumbuka mtu aseme simkumbuki, hata kama mtu huyo atanuna mwaka mzima. Mama unayesoma haya, kama una kundi la namna hii kwenye simu yako, waulize wenzako leo ni nani kati yenu aliyewaona wote. Mtashangaa.

Wageni walipotawanyika Bawabu alimwogesha mwanawe uani, jua likiwa bado halijazama. Hakutaka kumuuliza mengi asije akamtisha. Alimsugua mgongo, akamsugua vidole ambavyo bado vilikuwa na wekundu. Akamuuliza kama aliogopa. Kidoti akasema hapana, yule mama mdogo alikuwa mzuri, alimpa pipi.

"Mlizungumza nini?"

"Aliniuliza pacha wakirudi huwa wanakaa na nani."

Sabuni ikamponyoka Bawabu. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia wanakaa peke yao, mama yao yuko sokoni. Nikamwonyesha na nyumba yao. Ile yenye mlango wa buluu."

Bawabu alimfunga mtoto taulo, akambeba akiwa bado ana povu, akatafuta simu kwa mikono ya maji. Mama Pacha alipokea upesi. Bawabu alimweleza kama alivyoelezwa, neno kwa neno, bila kumwongezea kitu mdomoni.

Bawabu alisikia komeo likisukumwa, kisha meza ikiburutwa sakafuni, na Mama Pacha akiwaambia wanawe kwa sauti ya chini waondoke dirishani.