Maziwa Yasiyoona Moto

Faustin, bwana yangu, ana kichwa kigumu, na safari ile nilimushukuru Mungu kwa kichwa kile.

Dada yangu Constance alikufa akizaa, hapa Élisabethville, akaacha Clovis. Nikawa namunyonyesha pamoja na mutoto wangu Wivine. Ndipo mama yetu, Mama Mwaba, akashuka ku treni kutoka kaskazini, kuchukua mujukuu. Tulimubembeleza wee, wapi!

"Niliwapa binti muzima," alisema, "mukanirudishia kaburi. Huyu ni wangu."

Nilikasirika, lakini nilimuelewa. Shida ilikuwa maziwa. Kule kwetu mbung'o anamaliza ng'ombe, na maziwa ya kopo Clovis aliyatapika yote. Mimi kwenda sikuweza: Wivine alikuwa na ugonjwa wa kifua, docta alikataza nimutoe mujini. Basi Clovis angefika kule afe na njaa.

Faustin alikuwa anafanya kazi kwa muzungu mumoja aliyekausha damu ya ng'ombe ya kutengeneza dawa. Damu inapulizwa kama manyunyu ndani ya hewa ya moto, inaanguka chini ikiwa unga, haiozi. Akasema hata maziwa yangu yatakubali, tutakuwa tunamutumia Clovis unga ku treni. Akatafuta pipa, mivukuto ya muhunzi, na pompe ya mukono ya kupulizia mbu dawa, mupya, maana ile ya zamani yenye sumu ningemutupia usoni. Akajaribu kwanza na maziwa ya kopo. Matone yalikuwa makubwa, yakaganda ku pipa kama uji. Akatoboa tundu dogo zaidi ku mudomo wa pompe, akapandisha pipa la pili juu ya la kwanza, ili tone likauke mbele ya kufika chini. Unga ukaanguka.

Sasa ikawa zamu ya maziwa yangu. Mama Mwaba akaona makaa chini ya pipa, akasimama. Kwetu, maziwa ya mama yakiguswa na moto, ziwa linakauka. Hilo si jambo la kuchezea. Mimi mwenyewe nilifunika kifua, maana Wivine angenyonya nini? Nikamufokea Faustin: muntu wa kwetu kabisa, masini imemusahaulisha desturi! Alikaa, akawaza, kisha akahamisha makaa nyuma ya ukuta. Akapitisha bomba refu la chuma juu yake: bomba linapata moto, mivukuto inasukuma hewa mule, ndani ya pipa inaingia hewa tu.

Mama Mwaba akatia mukono mu pipa, akainama, akanusa kama kuna moshi. Kisha akanigeukia.

"Kamua."

Nikakamua, Faustin akapuliza. Unga ukatoka, mweupe, laini. Mama akaukoroga na maji yaliyochemshwa na kupoa, akamupa Clovis kwa kijiko. Mutoto akakunja uso, akameza, akafungua kinywa tena.

Palepale maziwa yakanitoka, yakalowesha kitenge. Hayakukauka. Mama aliona, akacheka kwa mara ya kwanza tangu kilio. Mimi nikalia, kwa sababu sasa sikuwa tena na neno la kumuzuia Clovis asiende.