Bibi Posta Atoka Ukurasa wa Sitini na Nne

Jumanne alasiri fundi cherehani alifunga duka lake, akapitia maktaba, akarudi nyumbani na kitabu cha tisa cha Bibi Posta. Cha nane kilikuwa kwa dereva mmoja asiye na haraka ya kukirudisha, kwa hiyo mkutubi alimshauri akiruke. Dada yake alikuwa ameshasimama kwenye meza ya pasi. Ndivyo walivyofanya kwa miaka: mdogo anasoma kwa sauti, mkubwa anapiga pasi nguo za majirani, na chai inapoa katikati yao.

Vitabu vya Bibi Posta vyote vilikwenda njia moja. Katika kijiji chenye nyumba arobaini mtu anakutwa amekufa, anashikwa asiyehusika, kisha Bibi Posta, mama mmoja aliyestaafu kazi ya posta, anaulizauliza huku akila biskuti za watu, hadi anawakusanya wote sebuleni na kumtaja mwenye kosa. Fundi cherehani alipenda kukisia muuaji. Dada hakuwa na habari na muuaji. Yeye alingoja sura ya mwisho, pale wanakijiji wanapomgeukia aliyesingiziwa na kumwambia samahani mmoja mmoja, hata yule mwoka mikate mwenye kiburi.

Mtaa mzima ulijua sababu. Miaka kumi na mmoja nyuma Dada alikuwa mpiga pasi wa hospitali. Kule kila mpiga pasi alishona alama yake kwenye pembe ya shuka, ili likionekana na mikunjo ajulikane wa kulaumiwa. Alama ya Dada ilikuwa mishono mitatu ya uzi wa njano. Siku yalipokosekana mashuka kumi na mawili, yote ya uzi wa njano, hakuna aliyejisumbua kufikiri zaidi. Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Jina lake likabandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia, chini ya maneno WEZI WASIRUHUSIWE KUINGIA, nalo lilikuwa hapo peke yake. Kila karatasi ilipofifia, karani wa hospitali aliichapa upya.

Katika kitabu cha tisa aliyeshikwa ni mkata majani, kwa kumwekea sumu mwenye kinu cha kusaga unga.

"Si yeye," Dada alisema, akigeuza kola ya shati.

"Najua si yeye, dada. Ndiyo kwanza ukurasa wa sitini na nne."

Hapo Bibi Posta akatoka kitabuni. Alikuwa mfupi kuliko walivyodhani, na viatu vyake vilijaa tope, maana kwenye ukurasa ule mvua ilikuwa ikinyesha.

"Vua viatu, mama," Dada alimwambia. "Nimepiga deki sasa hivi."

Bibi Posta alivua, akaketi, akajimiminia chai. Alisema kijiji kile kimemchosha. Watu tisa katika miaka mitatu si mchezo, na siku hizi hata mkate anaunusa kwanza. Kisha akauliza nani humu ndani aliyesingiziwa.

"Mimi," Dada alisema.

"Nilijua. Anayesema 'si yeye' upesi hivyo, yamemkuta."

Kesho yake fundi cherehani alikwenda kutoa taarifa maktaba. Mkutubi aliandika kwenye daftari, akamwomba tu kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata mama huyo awe amesharudi ndani. Mwaka uliopita kuna mtu alirudisha kitabu bila muuaji, na wasomaji watatu walikimaliza wakiwa na kinyongo.

Bibi Posta alifanya kazi yake kama anavyoifanya siku zote. Alipita nyumba kwa nyumba, akasifia mapazia, akala biskuti, akauliza ya mwaka ule. Ilimchukua siku sita. Alhamisi saa kumi aliwaalika watu sebuleni: Matroni wa zamani wa hospitali, ambaye sasa alitembelea fimbo, karani wa hospitali, aliyekuja na faili kwapani, na fundi mwashi wa jirani. Dada aliendelea kupiga pasi, ila pasi ilikuwa imepoa na hakuichomeka tena.

Bibi Posta alianza na mwashi. Akamuuliza baba yake alizikwaje.

"Mwaka ule wa homa," mwashi alisema. "Tulifika hospitali mikono mitupu. Tukapewa mzee keshafungwa kwenye shuka jeupe, safi kabisa. Pembeni lilikuwa na uzi wa njano. Mama alitaka kuufumua, nikamwambia aache, ni pambo."

"Na mwezi ule," Bibi Posta aliuliza, "waliokufa bila kuletewa nguo ya kuzikiwa walikuwa wangapi?"

Karani alifungua faili. Walikuwa kumi na wawili.

Matroni aliilaza fimbo yake magotini.

"Ni mimi," alisema. "Ilikuwa marufuku kufunga maiti kwa mashuka ya hospitali, lakini ningewatoaje uchi? Nilichagua ya kwako, mwanangu, kwa sababu yalinyooka kuliko ya wengine wote. Waliposema umeiba, nilidhani watakurudisha baada ya siku mbili tatu. Kisha nikapandishwa cheo. Kisha ikawa vigumu kusema."

Dada aliiweka pasi chini. Kusifiwa kazi yake kulimpendeza, na kulimuuma, yote kwa wakati mmoja. Alimtazama Matroni usoni, akangoja. Alijua kinachofuata, kwa sababu alikwisha kusomewa mara saba.

Matroni alisema chai ni nzuri. Aliuliza kama ina tangawizi.

"Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni," Bibi Posta alisema.

"Haki yake ipo, mama," karani alijibu kwa upole, akifunga faili. "Ila haina fomu. Kuna fomu ya kuongeza jina mlangoni. Ya kuondoa haijawahi kuhitajika."

Wakamaliza chai. Mwashi alimpa Dada mkono wa shukrani kwa ajili ya lile shuka. Matroni alisaidiwa kushuka ngazi, akashukuru kwa makaribisho, akaondoka polepole. Bibi Posta alibaki ameduwaa na biskuti mkononi. Katika vitabu vyote tisa, jambo hili halikuwahi kumtokea.

"Huku kwenu," aliuliza, "baada ya ukweli huwa kunafuata nini?"

"Huwa tunaosha vikombe," Dada alisema.

Wakaviosha. Kisha Dada akampa viatu vyake, vilivyokauka na kupigwa rangi, na Bibi Posta akaingia ukurasa wa sitini na tano, ambako wanakijiji walikuwa wakimngoja mvuani bila la kufanya. Siku ileile mkata majani alitolewa. Sura ya mwisho wote walimwomba samahani, na mwoka mikate alilia.

"Soma tena," Dada alisema.

Fundi cherehani alisoma tena. Alisoma mara ya tatu. Asubuhi alikirudisha kitabu maktaba, kikiwa na watu wake wote.

Jumatatu karatasi ya mlango wa chumba cha kufulia ilikuwa imefifia. Karani aliichapa upya. Safari hii alikuwa makini zaidi, kwa kuwa sasa alimfahamu mwenye jina, na akaibandika imenyooka.