Mtoto Asiye na Mifupa

Kabla Awanari haijawa nchi, watu wake walikuwa wanaishi juu ya matete yaliyofungwa pamoja. Chini maji, juu ukungu, basi. Huko ndiko Nagime alikoolewa na Orihiko. Sasa, kwao siku ya harusi wawili hao wanazunguka mlingoti, huyu huku, yule kule, na wakikutana mwanamume ndiye anayeanza kusema. Nagime, kwa furaha zake, akatangulia: "Kumbe mzuri hivi!" Watu wakacheka. Mama mkwe, bibi Sawame, hakucheka.

Mtoto akazaliwa laini mwili mzima, hana hata mfupa mmoja, kama donge la uji wa mchele uliopoa.

"Mdomo wako huo," Sawame akasema. "Mtie kwenye kikapu, maji yamchukue."

"Mama, ananyonya."

"Ananyonya na taya gani?"

Orihiko akatazama miguu yake. Nagime akamtia. Kikapu kikaingia ukunguni, kilio kikawa kinapungua, kinapungua, lakini hakikuisha. Miaka ikaenda, akazaa wengine wenye mifupa yao, na bado kila maji yakipwa alikuwa anakisikia, na maziwa yanamtoka, mwanamke ameshaota mvi.

Basi, matete yakaanza kuoza. Watu wanalala miguu imelowa. Asubuhi moja ukungu ukafunguka, hiyo hapo nchi, pana, nyeupe, tupu! Vijana wakarukia na nguzo, wajenge upesi.

Nguzo ya kwanza ilipoingia, ardhi ikalia. Kilio cha kichanga. Nguzo ikazama yote, na shimoni yakatoka maji ya chumvi, vuguvugu.

"Upepo tu huo," Orihiko akasema.

"Upepo gani, baba watoto? Mwanao humjui?"

Sawame, sasa kizee hana jino, akafoka kutoka kwenye matete: "Pigeni nyingine! Tutalala wapi, mgongoni kwa mwanamke huyu?"

Nagime akapiga magoti ukingoni mwa matete. "Mwanangu, nikanyage?"

Akauliza tena. Ardhi ikainuka kidogo, ikashuka, kama kifua cha mtoto aliyechoka kulia. Akavua viatu, akaingia. Kila alipokanyaga pakabonyea. Maskini mtoto, miaka yote hiyo alikuwa anakua tu, hana cha kumshikilia.

Nagime akaenda mpaka katikati, akalala kifudifudi, kifua kwenye udongo. Orihiko akamwita, akamwita. Ukungu ukashuka. Ulipoinuka, mwanamke hayupo. Upo mlima mrefu, una pingilipingili kama uti wa mgongo, na ardhi yote imekaza. Kilio kimenyamaza. Maji yakipwa, kinachosikika ni mtoto ananyonya.

Watu wakashuka polepole, viatu mkononi. Kila mmoja anauliza kwanza, "Nikanyage?" na Orihiko, aliyekuwa ameshatangulia nchi kavu, anamjibu, "Kanyaga taratibu." Ndivyo wanavyofanya Awanari mpaka leo, hata mtu akiwa ametoka kuvua kamba tu hapo karibu.

Wa mwisho alikuwa Sawame. Matete yalikuwa yameanza kuachana, yanasogea mbali na nchi.

"Nikanyage?" akauliza.

Watu wote wakageuka kumwangalia Orihiko, amjibu mama yake.

"Orihiko, mwanangu. Nikanyage?"

Orihiko akatazama miguu yake.