Chako Hicho, Bwana

Makumbusho ya Chundwa ni chumba kimoja, na mlinzi wake ni Bwana Mselem. Vitu vyenyewe havikuzidi kumi na viwili: kiti cha mpingo, mtungi, taa ya shaba, na vinginevyo hadi mbuzi ya kukunia nazi aliyoikalia mamake miaka hamsini. Ikaja barua kutoka ofisi moja ya Amu. Ndani ya miezi mitatu daftari lisipotimiza wageni thelathini, chumba kifungwe na vitu vyote vipelekwe ghalani. Mselem aliisoma mara mbili, akakosa hamu ya chakula. Mbuzi ya mama ikalale ghalani? Hata kidogo!

Chris, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, akamfungulia ukurasa wa Facebook na kupiga picha kila kitu. "Mzee, siri ni moja. Kila anayekomenti, umjibu. Watu wa mtandaoni wanapenda kujibiwa."

Ajabu gani hiyo! Mselem afundishwe na mtoto wa juzi kwamba mgeni hujibiwa? Siku hiyo hiyo Patroba, polisi wa Amu, akaandika chini ya picha: "Kiti kizuri sana hiki." Mselem akavaa miwani, akajibu kwa kidole kimoja: "Chako hicho, Bwana. Karibu ukitwae." Nesi Bochaberi akausifu mtungi. "Wako huo, Bi. Ndia ya kuja Chundwa waijua."

Huku kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua. Ukisifu kitu cha mtu, utaambiwa ni chako, nawe unajibu, "Nimepokea, niwekee papo hapo." Yamekwisha, kila mtu na heshima yake. Lakini hao wa bara nani aliwafundisha jibu?

Jumamosi Patroba akashuka mashuani na kamba mbili. "Nimekuja kuchukua kiti changu, mzee."

Mselem akacheka. Patroba hakucheka, alitoa simu, akamwonyesha maandishi.

"Mwambie ulikuwa unamkaribisha tu," Chris akanong'ona.

"Nilimeze neno langu mbele ya mgeni? Astaghfirullah!"

Akampa Patroba daftari atie sahihi, kisha akamsaidia kufunga kamba.

Patroba alijipiga picha amekikalia kiti sebuleni kwake, akaandika kwamba Chundwa kuna mzee asiye na choyo. Ndipo wakaja! Bochaberi akabeba mtungi wake. Mugambi, mwenye duka la simu, akabeba taa. Waliochelewa walikuta misumari ukutani, wakanywa kahawa, wakatia sahihi na kurudi wamenuna. Mselem aliificha mbuzi nyuma ya mlango, na Chris akaifuta picha yake. Maishani mwake Mselem hakuwahi kumficha mgeni kitu, na aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Miezi mitatu ilipotimia akaja mkaguzi, Bi Rosebella, mtu wa bara aliyekaa Amu miaka kumi na tisa. Akahesabu majina: thelathini na wanne. Akatazama kuta.

"Vitu viko wapi?"

"Wenyewe wamechukua."

Bi Rosebella hakuuliza wenyewe ni nani. Upepo ulikuwa ukimpeperushia karatasi, akausukuma mlango kuufunga, na mbuzi ikawa wazi mbele yake.

"Lo! Mbuzi nzuri hii."

Chris akakohoa mfululizo. Mselem alitaka kunyamaza, wallahi alitaka, lakini mdomo wake ulikuwa umelelewa na mwenye mbuzi ile.

"Yako hiyo, Bi."

Bi Rosebella akaiinua, akapapasa meno yake, akaiweka chini, akaikalia.

"Nimepokea, Bwana," akasema. "Niwekee papo hapo."

Mselem akalia bila kujificha. Bi Rosebella, angali ameikalia mbuzi, akaweka fomu gotini. Palipoandikwa "Sababu", akajaza: Kisifungwe. Nina mbuzi yangu humo.