Bethlehemu ya Sapiwi

Likizo ya Juni Sista Wilhelmina aliniteua kuwa mhakiki. Parokia ilitaka kuchapa upya kitabu cha watoto kuhusu mahali patakatifu duniani, kile ambacho sisi sote wa Somanda tulikua nacho kwenye mafundisho ya Jumapili, na Sista alihitaji mtu anayesoma shule ya bweni, mwenye macho makali na asiye na kazi. Nikajiundia tume ya uchunguzi yenye mjumbe mmoja, nikakaa barazani kwa Bibi Milembe na kalamu nyekundu, nikaanza kutoa hukumu.

Makosa yalikuwepo, tena ya kushiba. Kitabu kilisema makanisa ya Lalibela yalijengwa kwa matofali, wakati yamechongwa kwenye mwamba. Makka kiliiweka ufukweni, na mchoraji, kwa ukarimu wake, akaongeza samaki. Ukuta wa Maombolezo wa Yerusalemu kiliuhamishia Roma bila kueleza ulisafiri kwa basi gani. Kila kosa nililisoma kwa sauti ya matangazo ya vifo redioni. Bibi, aliyekuwa anachagua mchele, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Ndipo nikafika ukurasa wa Bethlehemu.

Ukurasa huo nilikuwa nauona tangu sijajua kusoma. Kila Noeli Bibi alitukusanya wajukuu, akaufungua, akatuonyesha kwa kidole ng'ombe wenye nundu, uzio wa miiba, kihenge cha mtama na mawe makubwa yaliyopandana nyuma ya nyumba ya nyasi. Yosefu amesimama na fimbo kama anayesubiri mnada uanze. Pembeni kuna kijumba kidogo, kimo cha goti, ambacho maelezo yalikiita banda la kuku la nyumba ya wageni. Kurasa nyingine Bibi alizipitia haraka. Huu aliukalia mpaka sisi tukaanza kufinyana.

"Ndugu waombolezaji," nikatangaza, "Bethlehemu imepatikana ikiwa hai na salama wilayani Bariadi."

Bibi hakucheka. Aliweka ungo chini, akakung'uta mikono, akanyoosha mkono apewe kitabu.

"Hapa ni kwetu," akasema.

Nilidhani na yeye ananitania. Hakuwa anatania. Mchoraji alikuwa kaka yake, marehemu Luhaga. Miaka ile masista walimwomba achore mahali alipozaliwa Mtoto, penye ng'ombe. Luhaga hakuwahi kufika Bethlehemu wala kuiona kwenye picha, kwa hiyo alichora mahali alipozaliwa yeye: kaya ya baba yao, Mzee Bundala, kule Sapiwi. Kaya yenyewe haikuwepo tena. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zilibomolewa, na sasa pale ni shamba la pamba. Picha ya kamera haikuwahi kupigwa. Ukurasa ule ndio pekee uliobaki.

"Ukiandika kwamba ni kosa," akauliza, "wataitoa?"

Nikamwambia wataitoa. Sista alikuwa ameshatafuta picha ya Bethlehemu yenyewe kwenye kompyuta.

Kwa mara ya kwanza kalamu nyekundu ilinichosha mkono. Nikainamia picha nitafute namna ya kuitetea, na hapo nikaona kitu ambacho utotoni kilinipita: mlangoni pa kile kijumba pamewekwa kibuyu cha pombe.

"Bibi, kuku gani hawa wanaokunywa pombe?"

Akasema polepole kwamba halikuwa banda la kuku. Kilikuwa kijumba cha masamva, mizimu ya wazee wa ukoo. Maneno ya banda waliyaweka masista, naye hakuwasahihisha. Angewasahihishaje? Ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango tangu mimi sijazaliwa, na Katekista Thomasi huhubiri dhidi ya vijumba hivyo kila Kwaresima.

Jumatatu tulikwenda wote wawili ofisini kwa Sista. Thomasi naye alikuwepo, akipanga kurasa mezani. Nilitoa hoja yangu kwa unyenyekevu ambao shuleni hawajawahi kuuona: sura ya mwisho, inayosema watu huomba kila mahali, haikuwa na picha. Ya Luhaga ingehamia huko.

Sista aliivuta karibu, akaitazama. Akasema inawezekana, ila maelezo yawe ya kweli, maana makosa yametosha. Thomasi akaweka kidole juu ya kijumba, akauliza hiki ni nini.

 

"Ni cha masamva," Bibi akasema. "Baba alimwaga pombe hapo, akawaita wazee wake kwa majina. Nilipougua surua nikakaribia kufa, alilala hapo nje, kwenye umande, akiniombea. Andikeni hivyo."

"Mama Mwenyekiti," Thomasi akasema kwa sauti ya chini, "watoto watauliza maswali."

"Waulize. Mimi pia nilimuuliza baba, akanijibu."

Thomasi akatazama picha tena. Alisogeza kiti chake, akampisha Bibi karibu na kompyuta.

Nikachapa. Bibi alitaja jina la baba yake, la mama yake, la Luhaga aliyechora, na majina ya wazee walioitwa pale kijumbani, mmoja baada ya mwingine, akifumba macho ili asimruke yeyote. Nafasi chini ya picha ilitosha mistari miwili. Majina yakazidi. Sista akasema tuchague wachache. Nikapunguza ukubwa wa herufi, yakazidi, nikapunguza tena, mpaka ukoo wote ukaingia.

Sista akavaa miwani, akasema maandishi ni madogo mno kwa kitabu cha watoto.

Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba watoto ndio wenye macho mazuri.